Krauni ya Jino Imelegea au Imetoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Krauni, au kofia ya jino kama wengi tunavyoiita, haichagui saa ya kutoka. Inaweza kubaki kwenye tonge la ugali, au kukwama kwenye kashata jioni ya Jumamosi wakati kliniki zimefungwa. Mara nyingi jino lililo chini yake bado linaokoleka, na mara nyingi krauni ile ile hurudishwa mahali pake. Kinachowapotezea watu meno ni kukaa nalo hivyo hivyo kwa miezi kwa sababu haliumi. Ndiyo maana swali la kutoumia tumelijibu kwa urefu kuliko mengine.

Krauni imetoka sasa hivi. Nianze na nini?

Acha kutafuna na uitoe mdomoni kabla hujaimeza. Kama umeshatema chakula, kipekue kwa vidole mpaka uipate. Ioshe kwa maji juu ya bakuli, maana ikikuponyoka kwenye sinki lenye tundu wazi imekwenda. Iweke kwenye kichupa au kikopo kidogo chenye kifuniko. Usiifunge kwenye tishu: tishu iliyokunjwa mezani huonekana ni taka, na mtu wa nyumbani huitupa bila kujua.

Kisha sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja. Ukipiga simu kliniki, sema wazi kwamba krauni imetoka, ni ya jino lipi, na kama una maumivu au uvimbe. Taarifa hizo ndizo zitakazowasaidia kuamua wakuone leo au wakupangie siku nyingine.

Yangu haijatoka, inacheza tu. Nitajuaje kwamba ni krauni?

Ukiuma, unahisi kitu kinashuka kidogo halafu kinapanda. Wengine husikia ladha mbaya au harufu kila wakibonyeza hapo, au maji baridi huanza kuwachoma mahali ambapo hapakuwa na shida. Wakati mwingine, hata hivyo, krauni imeshika vizuri na ni jino zima linalocheza, kwa sababu ya ugonjwa wa fizi au mzizi uliopasuka. Kwa nje hali hizo hufanana sana, kwa hiyo mwachie daktari azitofautishe.

Usiisukumesukume kwa ulimi na usijaribu kuing'oa. Tafuna upande wa pili. Krauni inayocheza ina hatari yake: kila unapouma, mate na bakteria hupenya chini yake, mahali ambapo mswaki haufiki. Na inaweza kutoka ukiwa usingizini.

Nitazame nini ndani ya krauni iliyotoka?

Washa tochi ya simu na uitazame kwa ndani. Ikiwa tupu, na kuta zake zina ukoko mweupe au wa manjano kama chokaa, basi gundi ndiyo iliyoachia. Hiyo ni habari njema, kwa sababu huenda jino halijadhurika.

Ikiwa imejaa kitu kigumu chenye rangi ya pembe ya ndovu au kahawia, hicho ni kipande cha jino lako kilichovunjika na kutoka nayo. Hapo usijaribu kuirudisha, maana hakuna cha kuishikilia na unaweza kuumiza ufizi. Ukiona kijiti cha chuma au cha nyuzi kimechomoza, hicho ni kinguzo kilichokuwa kimesimikwa ndani ya mzizi. Hicho nacho usikirudishe kwa nguvu, kwani kikiingia vibaya kinaweza kuupasua mzizi, na mzizi uliopasuka kwa urefu kwa kawaida huishia kung'olewa. Ukikuta utando laini wa kahawia wenye harufu, jino limeanza kuoza chini ya krauni.

Mulika pia mdomoni. Kisiki kilichobaki kitaonekana kidogo na chenye rangi iliyofifia. Usiogope umbo lake, kwa sababu daktari alikichonga makusudi ili krauni ikae.

Sisikii maumivu yoyote. Kwa nini niharakishe?

Meno mengi yaliyovikwa krauni yalishatibiwa mzizi kwanza, yaani mshipa wa fahamu ulitolewa na mfereji wake ukazibwa. Jino la namna hiyo haliwezi tena kukuonya. Linaweza kuoza mpaka usawa wa ufizi bila kukunyima hata usiku mmoja wa usingizi, na siku utakayosikia maumivu huenda yakatoka kwenye mfupa unaozunguka mzizi, usaha ukiwa tayari umeshaanza kukusanyika.

Kumbuka pia kwamba kisiki hakina tena ganda lake la nje. Enameli ilichongwa, na kilichobaki ni dentini, ambayo ni laini zaidi na huoza haraka zaidi. Vilevile huvunjika kirahisi: mfupa mmoja wa kuku, au punje moja ya mahindi ya kuchoma, inaweza kukikata kikabaki cha kufunikwa na ufizi.

Halafu meno hayatulii. Jino la jirani huanza kuegemea kwenye nafasi iliyo wazi, la taya ya pili linalokutana nalo hushuka au kupanda kuifuata nafasi hiyo, na ufizi huota juu ya ukingo wa kisiki. Mabadiliko hayo ni madogo sana kwa macho, lakini krauni ilitengenezwa kwa vipimo vya sehemu ya milimita. Ukichelewa wiki kadhaa, ile iliyokaa vizuri kwa miaka kumi inaweza kugoma kuingia, na hapo utalipia mpya wakati ya zamani iko mkononi.

Kwa hiyo lenga kumwona daktari ndani ya siku chache, hata kama huumwi. Ikishindikana kabisa, usivuke wiki moja au mbili.

Naweza kuirudisha mwenyewe kwa muda?

Unaweza, kama krauni ni tupu ndani, haijavunjika, na jino haliumi sana. Maduka makubwa ya dawa huuza gundi ya muda ya meno, na hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza.

Safisha ndani ya krauni kwa mswaki laini na maji. Piga mswaki kisiki taratibu, kisha kikaushe kwa pamba safi. Kabla ya kutia gundi yoyote, jaribu krauni ikiwa kavu. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwani huigeuza kinyume kisha wakaipenyeza kwa nguvu. Simama mbele ya kioo, igeuze mpaka iingie bila kulazimishwa, kisha funga meno polepole. Yakikutana kama kawaida, umepatia. Ukihisi hapo pako juu kuliko kwingine, itoe ujaribu tena, na ikikataa mara ya pili iache kwenye kichupa.

Ikishakubali, weka gundi kidogo ndani yake, ikalishe, uma kitambaa safi kwa dakika chache, kisha ondoa gundi iliyovuja pembeni. Kipimo hutofautiana kati ya bidhaa na bidhaa, kwa hiyo soma maelezo ya pakiti. Ukiona haishiki sawasawa, itoe kabla ya kulala, kwa sababu krauni iliyoegeshwa inaweza kuteleza kooni usiku.

Supagluu je? Nimesikia hata madaktari wanaitumia kufunga vidonda.

Hapana. Wanayotumia hospitali ni aina nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya mwili. Ile ya dukani ni ya plastiki, mbao na soli za viatu. Huganda ikikutana na unyevu, na mdomo wote ni unyevu, kwa hiyo inaweza kuganda kabla krauni haijafika chini. Krauni ikibaki juu hata kidogo, kila ukiuma jino linabeba mzigo peke yake. Gundi hiyo pia hutoa joto inapoganda, inaunguza ufizi, na inafungia uozo ndani.

Ugumu mwingine unampata daktari. Ukoko wa supagluu huganda ndani ya krauni na juu ya kisiki, na ili kuuondoa lazima akwangue. Kwa kukwangua huko, krauni ambayo ingerudishwa kwa dakika chache inaweza kupoteza kipimo chake. Kama umeshaitumia, mwambie tu. Atahitaji kujua.

Na dawa ya meno, vaselini au chingamu?

Dawa ya meno au gundi ya meno bandia ya kuvaa na kuvua inaweza kuishikilia kwa saa chache, hasa jino la mbele unapotakiwa kuonekana mbele za watu. Vaselini hushika kwa shida. Chingamu iache, na yenye sukari ndiyo mbaya zaidi.

Mafuta ya karafuu yanasaidia kweli?

Kwa maumivu ya kisiki kilicho wazi, ndiyo, kwa muda. Ndani ya karafuu hizi zinazoanikwa Pemba na Unguja kuna yujenoli, kemikali inayofanya mahali pafe ganzi kidogo. Madaktari wa meno wameitumia kwa vizazi, na hata baadhi ya gundi za muda za kliniki hutengenezwa kwa unga wa oksidi ya zinki uliochanganywa na yujenoli. Harufu ile ya karafuu unayoikuta kwenye kliniki nyingi za meno hutoka humo.

Chovya ncha ya pamba, kamua, na uguse jino tu. Mafuta yasiyochanganywa huunguza ufizi na ulimi. Usimeze na usimpake mtoto mdogo. Ukifika kliniki, sema kwamba uliyatumia, kwa sababu yujenoli huzuia baadhi ya gundi za kisasa za rezini zisikomae vizuri, na daktari atasafisha kisiki zaidi kabla ya kubandika.

Nitumie dawa gani ya maumivu?

Kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, parasetamo ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Ibuprofeni hufanya kazi vizuri kwenye maumivu ya meno, lakini imezwe baada ya kula, na isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na dawa za jamii hiyo, wala mjamzito bila ushauri wa daktari. Usiweke aspirini juu ya ufizi. Itauchubua na kuacha kidonda.

Na tafadhali usikimbilie kununua amoksilini. Antibayotiki haigundishi krauni wala haiondoi uozo. Ina kazi yake pale maambukizi yanapoenea, na daktari ndiye wa kuamua.

Nimeimeza. Nifanye nini?

Kama ilipita kooni na unapumua vizuri, mara nyingi itatoka yenyewe kwa njia ya haja kubwa baada ya siku chache. Tumbo likiuma sana, ukitapika, au ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali. Hakuna haja ya kujilazimisha kutapika, na kufanya hivyo ni hatari.

Hatari kubwa zaidi ni ikiwa iliteremka kwenye njia ya hewa. Kikohozi cha ghafla kisichokoma, mlio kifuani unapopumua, au kupumua kwa shida ni dalili za kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Hata kikohozi kikitulia, nenda ukapigwe picha ya kifua, kwa sababu krauni inaweza kukaa pafuni kimya na baadaye kuleta nimonia. Na kama mtu amekabwa, hawezi kusema wala kukohoa, mwinamishe mbele, mpige makofi matano ya nguvu mgongoni katikati ya mabega, na mtu mwingine aite msaada.

Dalili zipi zinanikataza kusubiri asubuhi?

Uso au shingo kuvimba, homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza kwa shida, sauti kubadilika, au uvimbe chini ya kidevu unaoinua ulimi. Maambukizi ya jino yakishuka shingoni yanaweza kuziba njia ya hewa, na hilo huua. Nenda hospitali kubwa yenye huduma ya dharura, usiku au mchana.

Daktari atafanya nini?

Atakagua krauni na kisiki, na huenda akapiga eksirei kuona mzizi na mfupa. Akikuta jino ni zima, atasafisha gundi ya zamani, atajaribu krauni, atapitisha uzi pembeni kuona kama imegusana sawasawa na majirani, kisha ataibandika. Mwisho atakuambia ung'ate karatasi nyembamba ya rangi ili aone panapogota. Sema ukweli hapo. Ukihisi iko juu kidogo, usimwambie iko sawa kwa kumwonea haya, maana hicho kidogo ndicho kitakachokuumiza usiku.

Nitatengenezewa mpya au itarudishwa hii?

Itarudi kama haijapasuka, kingo zake bado zinaziba vizuri, na kisiki kina urefu wa kutosha. Kukiwa na uozo, utaondolewa kwanza, na mara nyingi umbo la jino hubadilika kiasi kwamba ya zamani haitoshi tena. Kisiki kikiwa kifupi sana, daktari anaweza kukijenga upya, kupunguza ufizi kidogo, au kusimika kinguzo ndani ya mzizi. Kung'oa huwa jambo la mwisho.

Kubandika upya ni kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kutengeneza mpya, kwa sababu hakuna kuchonga, kuchukua vipimo wala kazi ya maabara. Uliza bei zote mbili kabla ganzi haijaingia. Kama una bima, uliza pia kama krauni imo kwenye kifurushi chako au ni kung'oa na kuziba tu.

Kwa nini ilitoka, wakati nilipiga mswaki kila siku?

Huenda si kosa lako. Gundi huchoka kwa miaka. Krauni iliyotengenezwa vizuri mara nyingi hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingine huvuka hapo kwa mbali. Iliyotoka ndani ya miezi michache inataka maelezo: pengine kisiki ni kifupi au kimechongwa kwa kuchongoka mno, kulikuwa na mate wakati wa kubandika, au kipimo hakikuwa sahihi. Una haki ya kuuliza, na daktari mzuri atakueleza.

Kwa upande wetu sisi tunaozivaa, zipo tabia zinazozimaliza: kufungua soda kwa meno, kutafuna barafu, kumenya muwa kwa upande wenye krauni, kung'ata mbegu za ubuyu. Kusaga meno usingizini nako huvunja gundi taratibu. Kama mwenzi wako anakusikia ukisaga usiku, mweleze daktari, kwa sababu kuna kinga ya kuvaa wakati wa kulala.

Iliyotoka ni ya muda tu, ya kudumu bado inatengenezwa. Kuna shida?

Ipo. Krauni ya muda hubandikwa kwa gundi dhaifu makusudi ili itoke kirahisi, lakini kazi yake ni kulinda nafasi. Ukikaa wiki mbili bila hiyo, ile ya kudumu inaweza kufika kutoka maabara na kukataa kuingia. Rudi ibandikwe.

Ni ya mtoto, ile ya chuma kwenye gego la utotoni.

Ichukue haraka kwa sababu ya kukabwa. Usiibandike nyumbani. Mpeleke kliniki hata kama jino litang'oka lenyewe baadaye: magego ya utotoni hushika nafasi mpaka mtoto afikishe takriban miaka 10 hadi 12, na yakiondoka mapema ya kudumu hukosa njia.

Yangu ni daraja, au iko juu ya kipandikizi.

Daraja, yaani meno bandia yaliyoungana na kushikiliwa na krauni za pembeni, likilegea upande mmoja, usilivute wala kulitia gundi. Upande ulioachia unaoza huku ule mwingine ukilishikilia, na hutaona chochote kwa nje.

Kwa kipandikizi, yaani chuma kilichosimikwa kwenye mfupa badala ya mzizi, mara nyingi ni skrubu ndogo ya ndani iliyolegea, na daktari huikaza kwa kifaa chenye kipimo cha nguvu. Usiizungushe kwa vidole. Ikiwa chuma chenyewe ndani ya mfupa ndicho kinachocheza, hilo ni tatizo kubwa zaidi na halingoji.

Nilivikwa meno ya mbele kwa sababu ya rangi ya kahawia. Limetoka moja.

Wengi waliokulia Arusha, Kilimanjaro, au Bonde la Ufa upande wa Kenya, mahali ambapo maji ya kunywa yana floridi nyingi, wanalijua jambo hili, na aibu yake pia. Kwanza tambua ni krauni kamili au ni ganda jembamba lililobandikwa mbele tu. Ganda hilo ni rahisi kupasuka, kwa hiyo usilijaribujaribu kulirudisha, lihifadhi ulipeleke. Enameli iliyoathiriwa na floridi inaweza kuwa ngumu kushikwa na gundi, hivyo mweleze daktari ulikokulia.

Mimi ni mjamzito, au nina kisukari. Na kama nimefunga Ramadhani?

Mjamzito anaweza kubandikwa krauni, na hata ganzi ya kawaida ya meno hutumika kwa usalama. Sema tu mapema una miezi mingapi. Mwenye kisukari asicheleweshe, kwa sababu maambukizi ya mdomo hupandisha sukari na sukari ikipanda huyachochea.

Aliyefunga anaweza kuomba miadi baada ya futari. Uliza kama kuna kliniki inayofungua usiku mwezi huo. Kuhusu hukumu ya matibabu ya mchana, muulize shehe unayemwamini. Lakini ukiwa na uvimbe au homa, usisubiri Idi.

Kuna fundi mtaani anayebandika kwa bei rahisi. Nimwendee?

Usimwendee. Hana eksirei, hawezi kuona uozo, na vifaa visivyochemshwa ipasavyo vinaweza kuambukiza homa ya ini. Kenya unaweza kutafuta jina la daktari kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno, mtandaoni; Tanzania Bara wanaosajili ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kama fedha ni ndogo, jaribu idara ya meno ya hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kaunti, au hospitali ya chuo kinachofundisha udaktari wa meno.

Imesharudishwa. Nile nini, na nisafisheje?

Usile mpaka ganzi iishe, kama ulichomwa, vinginevyo utajing'ata shavu. Siku ya kwanza shikilia vyakula laini: mtori, uji, wali wa maji, samaki asiye na miba, na utafune upande wa pili. Baada ya hapo rudi kwenye chakula chako, ila vile vinavyonata uvile kwa uangalifu.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, hasa pale krauni inapokutana na ufizi, kwani uozo huanzia kwenye mstari huo. Ukitumia uzi wa meno, uingize kati ya meno kisha uuchomoe kwa pembeni badala ya kuuvuta juu, angalau kwa siku chache za mwanzo. Uchungu mdogo wa baridi unaweza kubaki kidogo kwenye jino lenye mshipa hai. Lakini ukiona unauma upande huo na unashtuka, au unahisi jino hilo linatangulia kugusa kuliko mengine, rudi kliniki wiki hiyo hiyo. Kusawazisha ni kazi ya dakika chache.